Kidole cha Mwenye Gari

Binti yangu ana sheria moja kazini ambayo haivunji hata kwa dawa. Akimaliza kutengeneza ufunguo wa gari, ule wenye vitufe vya kufungulia milango ukiwa mbali, haujaribu yeye. Anamkabidhi mwenyewe, anatoka naye mpaka mlangoni, anasimama pembeni mikono nyuma na kumwambia, "Bonyeza mara tatu." Gari likiitika mara zote tatu, kazi imekwisha. Likikosa hata mara moja, ufunguo unarudi mezani. Nilipomuuliza kwa nini asimalize mambo ndani kimyakimya kama mafundi wenzake, alinijibu kwamba kidole cha fundi kinaubembeleza ufunguo bila fundi mwenyewe kujua, lakini kidole cha mwenye gari hakina huruma.

Jibu lile nililipenda mpaka nikawa nalisimulia kwa watu ambao hawakuniuliza.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa majivuno, na wala sioni haya. Miaka thelathini na mitatu nimeendesha treni ya mizigo, sijawahi kuangusha behewa hata moja, na reli nzima iliniita Injini, kuanzia wakubwa wa ofisini mpaka wafagiaji wa stesheni. Binti yangu alikua akiitwa mtoto wa Injini. Hata alipoingia kwenye gereji kubwa kujifunza umeme wa magari, mwenye gereji, ambaye zamani alikuwa fundi wa mabehewa, alimpokea kwa jina hilohilo. Miaka sita alitengeneza funguo pale, na bosi akawa anazikabidhi kwa wateja kana kwamba kazitengeneza yeye. Siku binti yangu alipoaga ili akafungue karakana yake, bosi hakugomba. Alichukua ovaroli ya binti yangu, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango na kusema, "Tunakutunzia. Mwaka hautaisha utakuwa umeirudia."

Ovaroli ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwanangu aliponisimulia alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, na usiku ule sikula vizuri.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, mlango ukitazama barabara. Ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Kulikuwa na meza iliyotandikwa mpira mweusi, taa yenye shingo ndefu, lenzi ya kukuzia vitu vidogo, kifaa cha kulehemu kwenye kishikizo chake, na kabati la droo ndogondogo lililotoka kwenye duka la dawa, kila droo ikiwa na maganda ya funguo za aina moja. Nyuma kulikuwa na korido, kisha jiko, chumba chake, na chumba changu mwisho kabisa. Mke wangu alikuwa amekwenda kwa binti yetu mkubwa kusaidia kulea pacha, akaniacha kwa huyu mdogo. Kwa watu nilisema nimekuja kumlinda. Ukweli ni kwamba sijui kupika.

Wiki tatu za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Asubuhi nilikuwa nakaa kwenye kiti nje ya mlango, nikiwasalimia wateja na kuwaonyesha kwa mkono waingie, kifua mbele, kana kwamba kazi ya ndani nimeifanya mimi. Ikifika saa nane mchana naingia chumbani kwangu kupumzika.

Jumatatu ya wiki ya nne akaja nesi mmoja mwenye gari jeupe. Ufunguo wake ulikuwa umetumbukia kwenye ndoo ya maji. Mwanangu aliufungua, akasafisha kutu kwenye vile vibati vinavyoshika betri, akaweka betri mpya, akaupima kwa kipimo chake. Kipimo hicho ni kidude cha mkononi chenye taa tano. Ukibonyeza ufunguo karibu nacho, taa zinawaka kadiri ufunguo unavyorusha mawimbi. Ziliwaka zote tano. Nesi alirudi saa tisa alasiri, akatolewa mlangoni, akaambiwa abonyeze mara tatu. Akabonyeza mara tatu, akabonyeza mara kumi. Gari likanuna.

Haya sikuyaona, nilikuwa chumbani kwangu. Nilisimuliwa jioni. Ufunguo ulirudi mezani ukafunguliwa tena, na kila kitu ndani yake kilikuwa kizima. Nesi alikuwa anachelewa zamu, basi akatoa kile kijiti cha chuma kinachofichwa ndani ya ufunguo, akafungua mlango kwa mkono kama watu wa zamani, akawasha gari na kuondoka midomo imembenuka. Kesho yake asubuhi, akitoka zamu, alipita tena. Akashusha kioo, akauonyesha ufunguo juu. Akashuka, akafunga milango, akabonyeza mara tatu palepale mbele ya mlango wetu, na gari likaitika mara tatu.

Nikadhani mwanangu atafurahi. Alibaki amesimama mlangoni anajikuna shingo.

"Sijautengeneza mimi, baba," alisema. "Sasa umepona vipi?"

Alasiri ya siku hiyo yalikuja magari mawili. Moja lilikubali, lingine likagoma. Jumatano yakagoma mawili, na yote mawili yakaja kufunguka kwingine, huko kwa wenyewe, ambako sisi hatukuwepo kujisifu. Mwanangu aliandika kila kitu kwenye daftari lake: gari gani, betri gani, saa ngapi. Alilehemu upya vitufe ambavyo havikuwa na kosa. Alikuwa anakula amesimama.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, kuna muuza betri, saa na makava ya simu. Jina lake hatulijui, tunamwita Betri, na mdomo wake hauna breki. Aliona yote akiwa kwenye stuli yake. Jumatano hiyo akaanza kuwaambia wapita njia kwamba kama una ufunguo unaumwa, upeleke pale ukazikwe vizuri. Watu wakacheka. Mimi nilipojua kinachosemwa, nilikurupuka.

Nilivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, mtu ambaye miaka thelathini na mitatu nimefundisha vijana kutazama kushoto na kulia. Nikamwambia Betri mbele ya kadamnasi kwamba betri anazomuuzia mwanangu zimelala dukani tangu babu yake akiwa hai, na kwamba ubovu wote ni wake. Nikapiga kaunta yake, saa mbili zikaanguka. Betri alitoa kiboksi cha betri zile ndogo za duara, akatoa mita, akazipima moja baada ya nyingine, kila mtu akiona. Zote nzima. Nikarudi kwetu nimenywea, na barabara ile nyembamba ikawa ndefu kweli.

Mwanangu alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Baba, betri zake hazina kosa. Nilizipima jana."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukawa unatikisa kichwa kukubali."

Hapo ndipo ilipokuwa siri yangu, na sasa niitoe. Treni haimwachii dereva wake masikio. Mke wangu aliliona hilo miaka mingi, nami miaka hiyohiyo nilimjibu kwamba watu wa siku hizi wanamung'unya maneno. Nilijua kutikisa kichwa mahali pake na kucheka wenzangu wakicheka. Nikimtazama mtu mdomoni napata karibu yote anayosema, akigeuka tu nimepotea. Kilichotaka kuniumbua ni runinga, maana ili niisikie ilibidi kuta zitetemeke. Ndipo nikanunua, kwa muuza mitumba ya vifaa vya umeme, hedifoni zisizo na waya. Zina kisanduku chake chenye taa nyekundu. Unakichomeka kwenye runinga, chenyewe kinazirushia sauti mpaka masikioni. Kila saa nane nilikuwa nafunga mlango, nawasha, nazama kwenye mpira mpaka saa kumi na moja, na nje hausikiki hata mnong'ono. Mwanangu aliamini baba yake analala, akawa anawaomba wateja waongee polepole. Nikimaliza nachomoa kila kitu na kukificha chini ya mto. Kiburi ni kazi ngumu, ina zamu zake.

Alhamisi asubuhi alifika mwenye shule ya udereva. Huyo anafahamika mji mzima kwa jina la Mama Breki, kwa sababu hukaa kiti cha pembeni chenye breki yake, na huikanyaga bila kumwonya mtu. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ambayo hata mimi niliisikia bila shida. Alikuwa na magari kumi na moja, na wanafunzi wanaoangusha funguo, wanaozikalia na wanaozitafuna wakiwa na hofu ya mtihani. Gereji kubwa alikokuwa anazipeleka alikuwa amechoka nayo.

Alitoa funguo tatu zilizokufa akaziweka mezani.

"Kesho saa kumi nakuja na magari yenyewe," alisema. "Yakifunguka mbele yangu, magari yote kumi na moja ni ya kwako. Yasipofunguka, tusipotezeane muda. Nimesikia maneno mtaani, lakini mimi huwa naangalia kwa macho yangu."

Alipoondoka, mwanangu alikaa akanitazama usoni, kwa hiyo sikukosa hata neno moja.

"Baba, kesho magari haya yakinuna hapa mlangoni, nani ataniletea ufunguo tena? Nitairudia ile ovaroli."

"Huirudii, na mimi nipo."

"Basi nakuomba kitu kimoja. Kesho usigombane na mtu. Kaa chumbani."

Iliniuma. Mimi ndiye niliyekuwa namlinda, na sasa nafungiwa ndani kama mbuzi mwenye pembe. Lakini nilikumbuka zile saa mbili zilizoanguka kwa Betri, nikakubali.

Ijumaa nikatimiza ahadi. Saa tisa na nusu niliingia chumbani, nikafunga mlango. Nikakaa kitandani, nikasimama, nikakaa tena. Nikaona nitapata wazimu. Nikachomeka kisanduku, nikavaa hedifoni zangu, nikafungulia mpira.

Yaliyotokea nje nimesimuliwa na watu watatu, na Betri amenisimulia mara mbili, kwa hiyo nayajua kana kwamba nilikuwepo. Saa kumi kamili Mama Breki alifika na magari matatu yakifuatana, yakapangwa mstari mbele ya mlango wetu. Mwanangu akamkabidhi funguo tatu, akasimama pembeni mikono nyuma. Mama Breki akabonyeza wa kwanza mara tatu. Kimya. Akabonyeza wa pili. Kimya. Wa tatu, kimya kilekile. Betri akasogeza stuli yake mbele aone vizuri. Kuna mtu akacheka.

"Naomba dakika kumi," mwanangu akasema.

Mama Breki akatazama saa yake. "Kumi."

Fundi mwingine angekimbilia mezani kuzipasua zile funguo. Nami ningefanya hivyo. Mwanangu hakuzigusa. Alichukua daftari lake, akalisoma kurasa zote za wiki ile akiwa amesimama juani, kidole kikishuka kwenye safu ya saa. Asubuhi hakuna gari hata moja lililogoma. Yote yaliyogoma yaligoma baada ya saa nane. Akafunga daftari, akaomba gari la kwanza lipelekwe mpaka kwenye kona. Likapelekwa.

"Bonyeza, mama."

Gari likaitika mara tatu, taa zikipepesa. Likarudishwa mbele ya mlango, likanuna. Likapelekwa tena kwenye kona, likaitika.

"Ufunguo mzima na gari zima," mwanangu aliwaambia. "Ufunguo unanong'ona, gari linatega sikio. Hapa kuna kitu kinapiga kelele hewani bila kupumua, kwenye njia ileile ya ufunguo, na gari halisikii kingine."

Kisha akatoa kile kipimo chake chenye taa tano. Hakuna aliyekuwa amebonyeza kitu, lakini taa mbili zilikuwa zinawaka. Akavuka barabara kuelekea kwa Betri, watu wakimfuata kama harusi, na Betri akasimama haraka, ameshika kaunta yake. Taa zikapungua, ikabaki moja. Betri akakaa. Mwanangu akageuka, akarudi upande wetu. Mbili. Mlangoni kwake, tatu. Ndani ya karakana, juu ya meza yake mwenyewe, nne. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kwamba kitu kilichokuwa kinamchafulia jina kilikuwa chini ya paa lake. Aliwaomba watu wabaki nje. Akapita korido peke yake.

Anasema alibisha mara nne.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, mgongo mlangoni, nabishana na mwamuzi wa mpira. Nikaona kivuli kinapita juu ya kioo cha runinga. Nikageuka. Mwanangu alikuwa amesimama katikati ya chumba na kile kidude mkononi, taa zote tano zikiwaka. Alizitazama hedifoni kichwani kwangu, akatazama waya unaotoka kwenye runinga, akatazama kisanduku na taa yake nyekundu. Halafu akanitazama mimi, nikaona anaelewa mambo mengine mengi, na funguo zilikuwa ndogo kati ya hayo: kulala mchana, kutikisa kichwa, ugomvi wa Betri.

Nikazivua.

"Tangu lini?" midomo yake iliuliza.

"Jumamosi iliyopita. Niliziona kwa muuza..."

"Siyo hizo, baba. Masikio."

Nilitazama sakafu kama mtoto aliyevunja kikombe. Aliinama, akachomoa kisanduku, na taa za kipimo zikazimika moja baada ya nyingine. Hakunigombeza. Alinigusa begani, akatoka.

Nilimfuata mpaka kwenye karakana, nikasimama nyuma ya kabati la droo. Kupitia mlangoni niliona Mama Breki akibonyeza. Taa za gari la kwanza zikapepesa mara tatu, la pili mara tatu, la tatu mara tatu. Nilitaka kupiga makofi. Kisha Mama Breki akauliza kitu, mwanangu akageuka upande kidogo, nikauona mdomo wake vizuri.

"Kilikuwa kifaa changu," alisema. "Nilikiacha kinawaka chumbani. Kosa ni langu."

Betri akasema neno, nikaona mtaa mzima unacheka. Niliwaona wanacheka na sikusikia kicheko hata kimoja. Baadaye niliambiwa alisema, kumbe fundi anaua funguo zake mwenyewe. Mama Breki hakucheka. Alikunja uso, akazitazama zile funguo kiganjani. Nilimsoma akisema, "Fundi asiyejua kinachowaka nyumbani kwake, nitamwachiaje magari kumi na moja?"

Mwanangu hakujitetea. Alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, kama anavyosimama akisubiri kidole cha mteja. Ningekaa kimya sekunde chache tu, Mama Breki angeingia garini, na siri yangu ingebaki salama chini ya mto. Niliiona ile ovaroli msumarini waziwazi. Nimewahi kusimamisha treni ya mabehewa arobaini mbele ya ng'ombe aliyelala relini na sikusita. Siku ile nilisita.

Nikarudi chumbani, nikachukua hedifoni na kisanduku chake na waya wake, nikatoka navyo mpaka nje. Nikaviweka juu ya boneti ya gari la kwanza.

"Hivi ni vya kwangu," nikasema. "Yeye hakujua kama vipo. Nilikuwa navificha. Mimi sisikii. Masikio yangu yamebaki kwenye reli, na nimewadanganya watu wote, yeye wa kwanza. Huyu binti ametafuta kitu ambacho hakujua kama kipo, na amekipata. Amekikuta kwa baba yake, akaona ni afadhali apoteze kazi yako kuliko kunitaja mbele za watu." Nikageuka ng'ambo. "Na wewe Betri, betri zako ni nzima. Nilikosea. Zile saa zilizoanguka nazo, nisamehe."

Sijui kama nilipiga kelele. Tusiosikia hatujui sauti yetu imefika wapi. Betri alikuwa anatazama viatu vyake. Mwanangu aliziba mdomo kwa mkono, macho yamejaa.

Mama Breki akasema kitu, lakini alikuwa ameinamia kile kisanduku, na sikupata hata neno. Nilitaka kutikisa kichwa. Shingo ilikuwa imeshaanza yenyewe. Nikaizuia.

"Samahani, sijasikia," nikasema. "Nitazame, useme tena."

Maneno hayo sikuwahi kuyatamka maishani mwangu, wala kwa mke wangu. Mama Breki akainua uso, akanisogelea.

"Nimesema, chomeka tena."

Nikaenda kuchomeka. Akabonyeza, magari yakanuna. Nikachomoa. Akabonyeza, yakaitika. Akanituma mara ya pili, kisha ya tatu, na mimi nikawa nakwenda na kurudi kwenye ile korido kama kijana wa kazi, na kila niliporudi nilikuta watu wameongezeka. Mwishoni akatazama saa yake.

"Dakika nane," akamwambia mwanangu. "Kwenye uwanja wangu kuna kona moja, kila gari likiegeshwa pale ufunguo unakufa. Gereji wamenibadilishia funguo mara tatu, na hakuna aliyewahi kuliondoa gari pale akajaribu kwingine. Jumatatu uje na hicho kidude chako. Na funguo zote ishirini na mbili, mbili kwa kila gari, nitakukabidhi siku hiyohiyo."

Mwanangu akasema asante. Akachukua zile funguo tatu, akazifuta kwa kitambaa moja moja, akamrudishia. Kisha Mama Breki akanigeukia mimi, akahakikisha namtazama.

"Na wewe mzee, ni nani hapa?"

Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, kwenye stesheni, ofisini na barabarani, na jibu nilikuwa nalo tayari muda wote, linatoka lenyewe kabla sijafikiri. Nilifungua mdomo kulitoa. Nikamwona mwanangu amesimama na kitambaa chake begani, jua linampiga usoni, na mtaa wote ukimtazama yeye.

"Mimi ni Baba Fundi," nikasema.

Zile hedifoni mwanangu amezilehemu waya mrefu mweusi unaofika kutoka kwenye runinga, tuliyoihamishia karakanani, mpaka kwenye kiti changu cha nje, na kisanduku amekitoa moyo wake unaorusha mawimbi akakiweka kwenye droo ya vitu vilivyoshindwa. Sasa natazama mpira mlangoni, mchana kweupe, kila mtu akiniona. Ovaroli niliifuata mwenyewe kule gereji. Bosi aliniita Injini, nami nikamsahihisha, kisha nikaitoa kwenye msumari na kuikunja.

Aliyelitangaza jina langu jipya kwa kishindo ni Betri. Asubuhi iliyofuata Ijumaa ile alisimama mbele ya duka lake, akaweka mikono kinywani, akapiga ukelele wa kunisalimia kutoka ng'ambo, "Baba Fundi, umeamkaje?" Niliisikia salamu hiyo mara ileile ya kwanza, yote, neno kwa neno. Nikajifanya sijasikia, ili arudie.